Diski Mpya Inapokataa Kuamsha Kompyuta

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, mjini Bujumbura, ziko nyumba ambamo kompyuta moja hutumiwa na jamaa wote. Katika diski yake zimo picha za arusi, vyeti vya watoto, na pengine picha za baba alipokuwa Somalia, ambako askari wa Burundi walianza kulinda amani mwezi wa Desemba 2007. Diski ikizeeka, kompyuta huwa nzito. Ndipo jamaa hununua diski mpya isiyo na sahani ya kuzunguka na kunakili humo yote yaliyo katika ile ya zamani.

Kisha kompyuta huwashwa, na maandishi meupe yakasema kwamba hakuna diski ya kuanzia. Wengi hudhani kila kitu kimepotea. Mara nyingi picha zi salama. Kilichokosekana ni njia ya kuanzia.

Kwanza, yafaa kuizima kompyuta na kuitoa diski ya zamani. Diski iliyonakiliwa hubeba alama ileile ya asili yake, na mashine huweza kuzichanganya kama mwalimu aliye na pacha darasani.

Pili, iwashwe huku kikibonyezwa kitufe cha F2 au Delete, kwa mashine nyingi, ili kufungua mipangilio. Humo diski mpya iwekwe ya kwanza katika orodha ya kuanzia.

Tatu, utazamwe utaratibu wa kuamka. Mashine za zamani hufuata BIOS na mgawanyo wa MBR, uliotokea mwaka 1983. Za sasa hufuata UEFI na mgawanyo wa GPT. Diski ya utaratibu mmoja aghalabu haiamki katika mashine iliyopangiwa mwingine.

Nne, huenda lilinakiliwa fungu kubwa peke yake, likaachwa fungu dogo lenye maagizo ya kuanzia. Hapo kazi hurudiwa kwa diski nzima, betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati nakala huharibika.

Yote yakishindikana, hutumika flashi yenye Windows, na huchaguliwa kutengeneza mwanzo. Asiguse mtu sehemu ya kuweka upya, isije ikafuta kila kitu.

Diski ya zamani isifutwe wala isiuzwe mpaka mpya ifanye kazi wiki kadhaa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.