UZI: Tope la Sabaki ni la nani?

Msimu wa kampeni ukifika huku kwetu, kuanzia Magarini, Malindi mpaka Kilifi mjini, kuna hoja mbili utazisikia jukwaani mpaka uzizoee. Ya kwanza: "Sabaki ni mwekundu tangu enzi za mababu, tabianchi hubadilika, hiyo ni kazi ya Mungu." Ya pili: "Watu wa bara ndio wanatumwagia tope, sisi tunaumia." Nimeulizwa sana inboksi nizichambue. Sheria ya nyuzi zangu mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama, ukitaja kwenye maoni nafuta.

Kwanza tujuane na mto wenyewe. Athi unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unakutana na mto Tsavo unaotoka upande wa Kilimanjaro, hapo unaitwa Galana, ukishuka kwetu ndio Sabaki. Mto mmoja, majina matatu, kaunti nyingi. Hilo la kaunti nyingi lishikeni, nitalirudia.

Sasa, utajuaje mto ulikuwa na rangi gani mwaka 1750? Hakuna aliyeishi hadi leo atuambie. Lakini kuna matumbawe. Yale makubwa ya mviringo yaliyomo kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi hukua kidogo kidogo, na kila mwaka huacha tabaka, kama mti unavyoacha pete. Wanasayansi huzama na mashine ya kukeketa, wanatoa kipande kirefu kama mhogo, wanakipiga eksrei na kuhesabu miaka.

Ndani ya tabaka hizo kuna bariamu. Ni madini yanayosafiri na udongo. Tope likikutana na maji ya chumvi mlangoni mwa mto, bariamu inaachia udongo na kuingia majini, na tumbawe linaichukua badala ya sehemu ndogo ya kalisi linapojenga mifupa yake. Tope likizidi, bariamu inazidi. Na wavuvi hawahitaji maabara kujua kwamba wakati wa kaskazi maji machafu ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea Malindi, na wakati wa kusi hupelekwa juu upande wa Mambrui. Ndio maana matumbawe ya Malindi yaliweza kuuandika mto huo.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha kumbukumbu ya miaka kama 300 kutoka matumbawe haya. Kuanzia 1700 hadi 1900, tope lilikaa karibu kiwango kilekile. Baada ya 1900 likaanza kupanda, na halikurudi. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, mara tano hadi mara kumi ya kiwango cha asili.

Kwa hiyo "tangu enzi za mababu" inategemea babu yupi. Babu wa babu yako aliona Sabaki nyingine.

Hapa mtetezi wa hoja ya kwanza atasema: sawa, lakini si ukame na mafuriko yamekuwepo siku zote? Yamekuwepo, kweli kabisa, na sipendi watu wa mazingira wanaojifanya hayakuwepo. Dirk Verschuren na wenzake walichimba mashapo ya Ziwa Naivasha, wakachapisha mwaka 2000 historia ya miaka 1,100. Kati ya takriban 1000 na 1270 huko kulikuwa kukavu kuliko leo. Halafu zikaja karne za maji mengi, zikikatizwa na vipindi vitatu vya ukame, cha mwisho takriban 1760 hadi 1840. Esther Githumbi, mwanasayansi Mkenya, amefanya kazi ya aina hiyo kwenye vinamasi vya Amboseli: unachota tope la chini, unatafuta chavua na mkaa wa kale, unasoma ni mimea gani ilikuwepo na moto uliwaka lini. Ardhi oevu ni maktaba, jamani. Ukikifukia kinamasi upate ploti, unafukia na hayo.

Lakini tazama tarehe vizuri. Ukame ule wa 1760 hadi 1840 umo ndani ya zile miaka 200 ambazo matumbawe ya Malindi yanasema tope halikupanda. Naivasha si Ukambani, najua, mvua hazilingani kila mahali. Hata hivyo, kama tabianchi peke yake ingetosha kuuvuruga mto kiasi hiki, tungetarajia alama fulani. Alama kubwa inakuja baada ya 1900. Kilichobadilika wakati huo ni jinsi ardhi ilivyotumika, na nani aliruhusiwa kukaa wapi.

Na hapa ndipo hoja ya pili inapoanza kuyumba.

Mkoloni alichukua ardhi nzuri ya nyanda za juu, akawabana Wakamba kwenye riziva pamoja na mifugo yao. Udongo ulipoanza kwenda, serikali ikasema kosa ni la ng'ombe. Mwaka 1938 ikawauzia watu mifugo yao kwa nguvu, na maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi kulalamika mpaka serikali ikalegeza. Yaani tope lililokuwa linashuka kwetu lilikuwa tayari ni siasa huko juu, na waliolaumiwa ndio waliokuwa wamebanwa. Leo sisi tukisimama Malindi kusema "watu wa bara", tunarudia lawama ileile, ila kwa lafudhi ya Pwani.

Zaidi ya hapo, watu hao walifanya kazi. Neno "fanya juu" liko kwenye vitabu vya kilimo duniani kote, na ni matuta ya Machakos: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba huko Machakos idadi ya watu ilipanda karibu mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ukapungua. Sasa mbona tumbawe linaonyesha kilele miaka ya 1970? Mimi sioni mgongano. Kitabu kinaangalia eneo moja. Tumbawe linapokea bili ya mto mzima.

Nisiwe mtu wa upande mmoja: tope si adui wa kila kitu. Mikoko hulipenda, nayo huota kwenye tope jipya mlangoni mwa Sabaki, na ndege wanafuata. Ufuo wa ghuba ya Malindi umesogea baharini kwa sababu hiyohiyo. Anayeumia ni tumbawe, na nyuma yake mvuvi wa miamba na kijana wa mashua ya vioo. Matumbawe yenyewe yana mzigo mwingine: Julia Cole, Robert Dunbar, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walisoma tumbawe la Malindi la miaka 194 na kuona joto la bahari limepanda hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19. Mwaka 1998 bahari ilipochemka, mengi yalikufa. Joto hilo gavana hawezi kulizuia. Tope linaweza kupunguzwa.

Basi mgombea akija barazani, muulizeni hivi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji, lakini ndani ya mipaka yake. Kilifi haiwezi kwenda kuchimba matuta Makueni. Ibara ya 189 inaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inatukutanisha na Kwale, Mombasa, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Machakos, Makueni na Kitui wako kwenye jumuiya yao nyingine. Mto mmoja, meza mbili. Je, utakaa nao lini, na utaenda na bajeti gani?

La pili la kumuuliza ni kuhusu ufuo uliosogea. Ibara ya 62 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Tope likiongeza nchi kavu mbele ya ploti ya mtu, na mtu huyo akasogeza ukuta, mheshimiwa atasimama wapi? Waliowahi kuona ukuta ukisogea, picha ziwekeni hapo chini, bila majina.