Tangi la Plastiki Lidumu: Nasaha kwa Wenye Mashamba

Msimu wa karafuu uingiapo, kambi ya wachumaji huhitaji mambo mawili kabla ya yote: majamvi na maji. Majamvi twajua kuyatunza. Yakisha kazi hukung'utwa, hukunjwa, huwekwa pakavu, na msimu wa pili hutandikwa tena. Lakini tangi la maji twaliacha popote, juani na mvuani, kana kwamba plastiki haifi. Plastiki hufa, tena hufa kimya kimya.

Mwandishi wa maneno haya amejifunza kwa hasara. Nilikuwa na tangi la lita 2,000 juu ya kijiukuta cha mawe, limekalia mbao nne zilizoachana kiasi cha shubiri. Misimu miwili halikuwa na neno. Msimu wa tatu, wachumaji wako mitini, likapasuka chini, pale pale lilipobonyea baina ya mbao. Maji yote yakenda bondeni. Siku tatu watu wa kuchambua walikuwa njiani na ndoo, wakienda kisimani na kurudi, na karafuu mbichi zilizobaki rundoni zikavunda. Zilipokauka zilikuwa zimepauka, na bei yake ikawa ya kusikitisha. Tangi lilinigharimu mara mbili.

Basi, Ndugu Wanachama, zingatieni haya.

Kwanza, kitako. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Uzito huo wataka sakafu ya saruji iliyo sawa, pana kuliko tangi lenyewe, isiyo na jiwe wala kokoto. Mbao zikitumika zishikane, pasiwe na mwanya.

Pili, jua. Mionzi yake huivunja plastiki ikawa kavu, ikapauka, na ukiipangusa huacha unga mkononi. Tangi jeusi hustahimili zaidi, kwani masizi yaliyochanganywa ndani ya plastiki huizuia mionzi. Tangi lipitishalo mwanga huota ukijani ndani. Liezekee kibanda cha makuti. Lakini usiliweke chini ya mnazi: nazi moja yatosha. Wala usichome majani karibu yake.

Tatu, bomba. Bomba gumu lisilotegemezwa hulivuta tangi penye kiungio, na nyufa nyingi huanzia hapo. Tia kipande cha mpira kinachopindika baina ya tangi na bomba, na bomba lenyewe lipate nguzo ya kulibeba.

Nne, pumzi. Tangi likizibwa kabisa, maji yakitoka hewa haiingii, na kuta hubonyea ndani. Acha tundu la hewa, nalo ulifunike kwa wavu mwembamba ili mbu wasitage humo.

Tano, kulihamisha. Limwage kwanza, kisha libebwe na watu. Lisiburutwe juu ya mawe. Msimu ukisha, usiliache tupu bila ya kulifunga, maana upepo wa kusi hulibingirisha. Ulisafishapo tumia sabuni na kitambaa, si brashi ya chuma.

Sita, karafuu yenyewe. Mafuta ya karafuu na ya makonyo hulainisha plastiki za namna nyingi, na harufu yake ikishaingia haitoki. Pipa la maji lisitiwe karafuu. Na karafuu isiyokauka vyema ikifungiwa katika pipa la plastiki hutoa jasho na kuota ukungu. Mahali pake ni jamvini hata ikauke, kisha guniani. Pipa lililokuja na dawa ya sumu halifai maji wala chakula, hata lioshwe mara ngapi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tangi mambo ni magumu zaidi, kwani gundi haishiki vizuri katika plastiki hii, na ufa hauzibiki ila kwa fundi anayeijua kazi ya kuiyeyusha na kuiunga kwa plastiki ya namna ile ile. Tena kiungo hicho hakiwi na nguvu kama mwanzo.

Kabla wachumaji hawajaja, lizunguke tangi lako asubuhi moja. Tazama kitako, kiungio na mfuniko. Kazi hiyo haizidi nusu saa, nayo huenda ikaokoa mavuno.