Kamba za Viatu: Kukaza Sana Siyo Kufunga Vizuri

Kiatu chenye matundu sita kila upande kinaweza kupitishwa kamba kwa njia 43,200, ilimradi kila tundu lisaidie kuvuta pande mbili zikaribiane. Burkard Polster, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alieleza katika jarida la Nature mwaka 2002 kwamba njia inayokula kamba fupi kuliko zote ni ya umbo la tai ya kipepeo, ambayo ni wachache wanaoitumia. Kwa nguvu ya kuvuta, hata hivyo, zinazoongoza ni zile mbili za mazoea: ya msalaba na ya mlalo. Lakini nguvu ni jambo moja, na raha ya mguu ni jingine.

Kamba hugawa mbano, na swali la msingi ni mbano huo uangukie wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani, Hagen na Hennig, waliwapima wakimbiaji 20 kwa mifungo sita tofauti. Kamba zilipofika matundu ya juu kabisa na kukazwa, kishindo cha mguu kutua kilipanda polepole zaidi, na kasi ya mguu kubinukia ndani ikapungua. Atakayesema kiatu cha saizi sahihi hakihitaji ufundi huu asahau kidogo namba iliyoandikwa kwenye soli: namba hiyo hupima zaidi urefu, ilhali miguu ya urefu mmoja hutofautiana kwa mwinuko wa mgongo wake, na huvimba kadiri siku inavyosonga. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka asipishanishe kamba pale panapouma. Aipandishe wima hadi tundu linalofuata. Ambaye kisigino chake huchomoka atengeneze kitanzi kwa matundu mawili ya juu kila upande, kisha apitishe kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili.

Wapenda mitindo nao hawakosei: mistari ya mlalo hupendeza kwenye kiatu cha ofisini, na haipungukiwi nguvu. Ila urembo wote ni bure fundo likifunguka njiani. Tazama vitanzi vya fundo lako: vikilala kukingama kiatu, fundo ni imara, vikielekea vidoleni na kifundoni, ni legevu. Dawa yake ni kugeuza mwelekeo wa fundo la kwanza tu, na haigharimu hata senti.