Fundisha Miguu Kwanza

Kitambaa hakikufika Tabora kwa urahisi. Karne ya 19 wapagazi walikibeba mabegani kutoka Bagamoyo, merikani na kaniki, kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Doti moja, yaani mikono minane, ilikuwa fedha ya kununulia chakula njiani.

Nami siku yangu ya kwanza ya cherehani, hapa hapa Tabora, niliharibu doti ya khanga ya mama. Nilikanyaga kwa pupa, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota na kukatika.

Fundi jirani alicheka, kisha akauchomoa uzi wote. "Mwanangu, fundisha miguu kwanza." Akanipa karatasi ya daftari yenye mistari.

Somo lenyewe ni hili. Lizungushe gurudumu kwa mkono, lije upande wako, ndipo miguu ifuate taratibu. Sindano isiyo na uzi ipite juu ya mstari. Matundu yakipinda, ujue umevuta. Mikono yako huelekeza tu. Kitambaa husogezwa na meno yaliyo chini ya sindano. Ukifika kwenye kona, acha sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, geuza, shusha.

Siku ya nne ndipo nilipotunga uzi, nikashona vipande vya merikani. Uzi ukifungamana chini, kagua kwanza ulivyoutunga juu.

Kijana uliyenunua cherehani leo na kesho unataka kupokea vitambaa vya watu, nakusihi: maliza daftari kwanza. Mama alinisamehe, khanga ikawa nepi. Mteja hatakusamehe.