Namba moja, bingwa, bora: maneno matatu katika ubishi wa mashabiki wa tenisi

Kati ya mwaka 2003 na 2023 wanaume watatu, Roger Federer wa Uswisi, Rafael Nadal wa Hispania na Novak Djokovic wa Serbia, walitwaa mataji 66 ya Grand Slam, yaani ya mashindano manne makubwa ya Melbourne, Paris, London na New York. Hesabu yao inajulikana: Djokovic 24, Nadal 22, Federer 20. Hakuna shabiki anayeikataa. Hata hivyo ubishi wa nani ni bora kuliko wote hauishi. Watu wanapokubaliana juu ya mambo yenyewe na bado wakaendelea kupingana, mwanaisimu hana budi kuyachunguza maneno. Makala hii inaeleza maneno matatu ambayo mashabiki huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja: namba moja, bingwa na bora. Kila neno lina kipimo chake na muda wake.

1. Namba moja: neno la hesabu

Orodha ya kwanza ya kompyuta ya chama cha wanaume, ATP, ilitoka mwezi Agosti 1973, na aliyeongoza alikuwa Ilie Năstase wa Romania. Ya wanawake, chini ya WTA, ilitoka Novemba 1975 ikiongozwa na Chris Evert wa Marekani. Kanuni ya leo ni rahisi kueleza. Kwa wanaume, bingwa wa Grand Slam hupata pointi 2000; mashindano ya ngazi za chini yake humpa mshindi 1000, 500 au 250. Zinahesabiwa pointi za wiki 52 zilizopita. Mwaka ukitimia, pointi za zamani hufutika, na mchezaji lazima azipate upya la sivyo atashuka.

Kwa hiyo mtu anaweza kupanda akiwa amelala nyumbani, ikiwa waliokuwa mbele yake wamepoteza pointi zao. Vilevile anaweza kuongoza bila kutwaa taji kubwa. Marcelo Ríos wa Chile alikuwa namba moja mwaka 1998 na hakuwahi kushinda Grand Slam hata moja. Baada ya Wimbledon ya 2009, Serena Williams alikuwa anashikilia mataji matatu kati ya manne makubwa, lakini namba moja alikuwa Dinara Safina wa Urusi, ambaye hakuwa na hata moja. Mashabiki wengi walisema orodha inadanganya. Haikudanganya. Ilijibu swali lake: nani amekusanya pointi nyingi zaidi katika wiki 52? Wao walikuwa wanaiuliza swali jingine.

Mwaka 2022 ulionyesha wazi kwamba «namba moja» ni jambo linalokuwa kweli kwa sababu chama kimelitangaza. Waandaaji wa Wimbledon waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. ATP na WTA nazo zikakataa kutoa pointi kwa mashindano hayo. Djokovic akashinda taji, kisha akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7, maana pointi zake za mwaka uliotangulia zilifutika na hazikupata mbadala. Daniil Medvedev, ambaye hakuruhusiwa kucheza, akabaki namba moja.

Jambo hili si la heshima tu. Katika jedwali la wachezaji 128 la Grand Slam, zaidi ya 100 huingia moja kwa moja kwa nafasi yao katika orodha, na 32 wa juu hutenganishwa ili wasikutane mapema. Kwa yule aliye karibu na nafasi ya 100, pointi chache ndizo zinazoamua kama ataingia na kulipwa hata akitolewa raundi ya kwanza, au atajaribu bahati yake katika mechi za mchujo.

2. Bingwa: neno la tukio

Bingwa hapatikani kwa jumla ya mwaka. Anapatikana siku ya fainali, kwa kumshinda aliye mbele yake. Hapa ndipo lugha yetu inapotega mtego. Kitenzi «kushinda» kina kazi mbili. Katika «Nadal alimshinda Federer» kinataja tukio. Katika «Nadal ni hodari kumshinda Federer» kinalinganisha sifa. Katika Kiswahili cha Kongo tunasikia sana «kupita» kwa kazi hii ya pili: «huyu ni mukubwa kupita ule». Kilingala nacho hutumia «koleka», ambacho pia kina maana ya kupita. Lugha nyingi za Afrika hulinganisha hivyo, kwa kitenzi cha kupita au kuzidi.

Shabiki anapotoka kwenye tukio kwenda kwenye sifa, anavuka bila kuona mpaka. Nadal alimshinda Federer mara 24 katika mechi 40. Basi, anasema, Nadal ni bora. Lakini 16 kati ya mechi hizo zilichezwa kwenye udongo, na Nadal alishinda 14. Kwenye nyasi na sakafu ngumu, Federer ndiye anayeongoza, 14 kwa 10.

Kuna tofauti nyingine ya kimantiki. Kulinganisha urefu hufuata mstari: Kabila ya kwanza ya milima ikipita ya pili, na ya pili ikipita ya tatu, basi ya kwanza inapita ya tatu. Kushinda kwa tukio hakufuati mstari huo. Nikolay Davydenko wa Urusi alimshinda Nadal mara 6 na kushindwa mara 5. Nadal alimzidi Federer. Federer naye alimshinda Davydenko mara 19 na kushindwa mara 2 tu. Tukifuata hoja ya shabiki, tunazunguka duara na kurudi tulipoanzia.

3. Bora: neno la vigezo vingi

«Mrefu» ana kipimo kimoja. «Bora» ana vipimo vingi, na msemaji huchagua kimyakimya. Anayehesabu mataji makubwa atamtaja Djokovic, ambaye pia ameongoza orodha kwa wiki nyingi zaidi, zaidi ya 400. Anayetazama utawala katika uwanja mmoja atamtaja Nadal na mataji yake 14 ya Roland Garros. Anayeangalia kutoyumba atakumbusha kwamba Federer aliongoza kwa wiki 237 mfululizo. Hakuna anayesema uongo.

Kiswahili, hata hivyo, kina faida moja. Hakina umbo la pekee la kivumishi kwa daraja la juu kabisa. Tunasema «bora kuliko wote». Neno «wote» linatulazimisha kuuliza: wote akina nani? Margaret Court wa Australia ana mataji 24 makubwa, Serena Williams 23. Lakini 13 ya Court ni ya kabla ya 1968, wakati wachezaji wa kulipwa walikuwa hawaruhusiwi kuingia mashindano hayo. Yote ya Williams ni ya baada yake. Rod Laver alishinda manne yote katika mwaka mmoja, 1962, kisha akafungiwa miaka mitano kwa kuwa mchezaji wa kulipwa, akarudi na kuyashinda yote tena 1969. «Wote» wa 1962 si «wote» wa 1969.

4. Hitimisho

Mbele ya kila «bora kuliko wote» tuulize basi mambo matatu: kwa kigezo gani, kati ya nani, na kwa muda gani. Ubishi hautakwisha, lakini kila mmoja atajua anabishia nini.

Maswali hayo yanatuhusu kuliko tenisi. Mara ngapi tunasikia kwamba Kiswahili cha Unguja ni bora kuliko cha Lubumbashi au Bukavu? Kiunguja kilichaguliwa wakati wa ukoloni kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulikipa nafasi ya namba moja katika vitabu na mitihani, na nafasi hiyo ina nguvu, kama orodha ya ATP inavyoamua nani aingie uwanjani. Lakini kamati ikitoa namba, haijapima ubora. Mtoto anayeambiwa kwamba lugha ya mama yake ni mbovu ameambiwa hukumu isiyotaja kigezo, na sisi wa fakilti hii ndio tunaopaswa kuuliza kigezo hicho ni kipi.