Korosho zipo, fedha ya kuzibangua haipo

Kuanzia Oktoba maghala ya Mtwara, Lindi na Tunduru hujaa magunia. Wanunuzi hushindana mnadani, wakulima hulipwa kupitia vyama vyao vya ushirika wa mazao (AMCOS), na sehemu kubwa ya mzigo hupakiwa melini ikiwa na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Ajira ya kubangua husafiri nayo.

Sisi Watanzania hatukukosa kujaribu kuzibangua hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vikubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani 145,000 hivi. Kisha wakulima wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei ikawavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamaliza kilichobaki. Viwanda vilikosa cha kubangua, vingine vikaishia kuwa maghala. Leo malighafi si tatizo: msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Tatizo ni fedha yenye subira. Mbanguaji anayetaka mashine zake zifanye kazi miezi 12 hana budi kununua mzigo wa mwaka mzima katika miezi michache ya minada. Fedha hiyo hulala ghalani huku riba ikipanda. Msafirishaji wa korosho ghafi huuza, akalipwa, akarudisha mkopo wake mapema. Wakikutana mnadani, ni rahisi kujua nani atashindwa bei, hata mbanguaji awe na mashine mpya kiasi gani.

Mkopo wa muda mrefu hutokana na akiba ya muda mrefu, na hiyo hatuna ya kutosha, kuanzia kijijini. Malipo ya korosho huja kwa mkupuo. Katikati ya mwaka, shamba likidai palizi na dawa, kaya nyingi hazina kitu. Hapo mnunuzi wa kangomba, asiyepitia mnadani, hubisha hodi, akanunua korosho kabla hazijaiva kwa bei ya kuumiza. Hakuna benki ambayo ingemkata mkulima kiasi hicho.

Nionavyo, AMCOS zikubaliane na wanachama kuweka sehemu ya malipo katika chama cha akiba na mikopo (SACCOS) siku ileile fedha inapoingia, itoke wakati wa palizi. Kwa mbanguaji, njia ipo tayari: sheria ya mwaka 2005 inaitambua stakabadhi ya ghala kama dhamana. Mifuko ya pensheni, ambayo akiba yake hukaa miaka mingi, ikikubali kupitia benki kukopesha dhidi ya stakabadhi hizo kwa miezi 12, kiwanda cha kubangua, tuseme cha Newala, kitaingia mnadani Oktoba kikiwa na uwezo wa kupandisha bei.