Diski Ikijaa, Usianze na Picha

Mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Kakamega aliniletea laptopu wiki ya kuwasilisha mradi wake. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Kabla ya kuja alikuwa amefuta picha zote za marehemu nyanya yake, na nafasi aliyopata haikufika hata gigabaiti moja. Tulipochunguza, tulikuta nakala rudufu ya simu yake ya zamani imelala ndani ya folda iliyofichwa: gigabaiti 61. Picha hazikurudi.

Ndiyo maana nawasihi watu waijue programu ya kuonyesha matumizi ya diski. Kwenye Windows ipo WinDirStat, ya bure, iliyotoka mwaka 2003. Kwenye Linux ipo Baobab, yaani mbuyu, jina linaloifaa kwa sababu folda zimepangwa kama mti wenye matawi.

Wazo la mchoro wa mistatili unaoonyeshwa na programu hizi lilizaliwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Ben Shneiderman na wenzake walitumia diski moja ya megabaiti 80, watu 14, na kila ilipojaa hakuna aliyejua nani ameijaza. Shneiderman akaugeuza mti wa folda kuwa mistatili.

Mkazi wa Kakamega hahitaji kufundishwa mchoro huo, maana ameuona shambani. Babu ana ekari zake. Anawagawia wanawe, nao wanawagawia wajukuu. Mpaka wa nje haubadiliki, ila ndani vipande vinazidi kugawanyika. Diski ndiyo shamba la babu, folda ni boma la mwana, faili ni kipande cha mjukuu. Eneo la kipande ni ukubwa wa faili, na rangi katika WinDirStat ni aina yake: video rangi hii, picha ile.

Lakini ukubwa si ushahidi kwamba kitu hakina kazi. Hapo ndipo wengi huharibu kompyuta. Faili iitwayo hiberfil.sys huonekana kubwa. Humo Windows huhifadhi kazi iliyo wazi inapolala kabisa. Haifutwi kwa mkono, huondolewa kwa kuzima huduma hiyo ya kulala kabisa (hibernation). Folda ya WinSxS nayo huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili moja inaweza kuwa na majina mawili mahali pawili, na programu nyingine huihesabu mara mbili. Iache. Windows.old, kwa upande mwingine, ni mfumo wa zamani uliobaki baada ya kusasisha. Kompyuta ikishafanya kazi vizuri, iondoe kwa kifaa cha usafishaji cha Windows chenyewe.

Jambo lingine huwatia watu shaka bure: diski ya gigabaiti 256 kusomeka 238. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Programu ikionyesha jumla ndogo kuliko nafasi iliyotumika, huenda imenyimwa ruhusa ya kuingia folda fulani. Ifungue upya kwa ruhusa za msimamizi.

Basi ujumbe wa diski kujaa ukikutokea usiku wa leo, usiguse picha. Endesha programu, isubiri imalize kuhesabu, kisha uanze na mstatili mkubwa kuliko yote unaoutambua kwa jina.